Mwandiko wa Baba Katika Muziki wa Mtu Mwingine

Baba yangu alikuwa Mgoa wa Mombasa, mpiga fidla na mwalimu wa muziki, na mimi alinifundisha kuandika noti kwa kunichapa rula. Kishina cha noti, ule mstari wake wa wima, kikiinama kidogo tu, rula ilitua vidoleni, nami nikaanza ukurasa upya. "Mpigaji atasomaje uchafu huu?" aliuliza, wala hakuwa akitaka jibu.

Tulipohamia London, ujuzi huo ndio uliotupatia kazi, yeye na mimi, katika karakana ya kunakili muziki juu ya duka la mapazia karibu na Edgware Road. Kompyuta hazikuwepo. Mtunzi alileta mswada wake, nasi tulimwandikia kila mpigaji sehemu yake kwa wino: ya fidla mbali, ya tarumbeta mbali.

Ukutani mwenye karakana alibandika picha za miswada ya watunzi wakubwa wa zamani. Mmoja alikata noti zake kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Mwingine mistari yake iliyounganisha noti ilipinda kama majani mtoni, na huyo Baba alimpenda sana. Siku moja alinivuta mkono akaninong'oneza, "Tazama, huyu alikuwa akiimba huku anaandika."

Mwenye karakana alitusikia, ingawa Kiswahili hakukijua. Aliona tu vidole vyetu kwenye picha. "Nyinyi nakilini," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kushangaa tuachieni sisi wenye muziki."

Kisha akaja mtunzi aliye hai, mwenye jina kubwa. Mwandiko wake ulikuwa kama wa mtu anayeandika ndani ya basi. Mahali pamoja, kwenye sehemu ya tarumbeta, noti ilining'inia kati ya mstari na nafasi, usijue ni ipi. Baba aliuchukua mswada mpaka mezani kwa mwenye karakana. Nilikuwa nimekaa pale pale.

"Bwana, naomba tumpigie simu mtunzi. Noti hii haieleweki."

"Hatumsumbui mtu kama yule. Andika unachokiona."

Baba akaandika alichokiona.

Siku ya mazoezi tulikwenda sote, maana mnakili hukaa nyuma ya ukumbi na wembe wake, tayari kukwangua kosa. Tarumbeta zilipofika pale zikatoa sauti ya kukwaruza. Mtunzi akasimamisha orkestra, akaichukua karatasi, akaiinua juu.

"Nani kaandika hii?"

Baba akasimama.

Mtunzi alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Basi ndiyo maana," alisema. "Mrudisheni kwenye ngoma zake." Wapigaji kadhaa walicheka. Wengine wakajitia kukaza nyuzi.

"Niliuliza, bwana," Baba alisema. "Niliambiwa niandike hivyo."

Mwenye karakana alikuwa kiti cha pili kutoka kwetu. Alikunja mikono. "Mimi hakuniuliza chochote."

Nilifungua kinywa. Baba alinikanyaga mguu, kwa nguvu.

Alifukuzwa pale pale ukumbini. Mimi nilibakizwa, na asubuhi yake nikapewa kazi: kuandika upya sehemu zote alizoandika Baba, hata zisizo na kosa, kwa sababu mtunzi hataki kuuona tena mwandiko ule. Nilimwambia Baba nitaacha kazi.

"Utaacha, halafu tule nini? Kaandike."

Nikaandika. Mswada wa mtunzi haukusomeka, kwa hiyo nilinakili kutoka kwenye kurasa za Baba, na kila ukurasa wa Baba niliomaliza kuunakili mwenye karakana aliuchukua, akauchana, akautia kwenye pipa mbele yangu. Onyesho lilipokwenda vizuri, mtunzi alinipita mlangoni akininyooshea mkono nimpe koti lake, kana kwamba mimi ni mtumishi wa ukumbi.

Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Fidla aliiweka juu ya kabati, na Mama alipoipangusa vumbi, Baba alimwambia aiache. Miaka ikapita. Jumapili moja kiongozi wa kwaya ya kanisa letu, aliyesikia habari zake kutoka kwa Wagoa wenzetu, alimfuata nje baada ya misa akamwomba awanakilie wimbo.

"Nani kakwambia mimi najua muziki?" Baba alimjibu, akaanza kufunga vifungo vya koti.