Daktari Sufuria na Chupa Tatu za Jemu

Mtaani walimwita Daktari Sufuria, na jina lenyewe alilipenda, msidanganyike. Kila msimu wa bluberi jikoni kwake kulijaa makarai ya vile vitunda vya rangi ya wino. Alichemsha chupa, akapika jemu, na mdomo nao haukupumzika: "Kula hii, shoga yangu. Ina vitamini, ina nyuzinyuzi, inasaidia moyo, inalinda macho!" Ukikaa naye foleni moja benki, huondoki bila somo.

Na kuhusu tunda, hakuwa mwongo. Alichokuwa hasemi ni kwamba kila kilo ya tunda aliipikia kilo nzima ya sukari, ili jemu ishike na isiote ukungu.

Sasa, wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na kisukari. Alimwomba kitu kimoja tu: "Wifi, nigandishie matunda mabichi, usiyapike." Kazi yenyewe si kazi. Unayatandaza kwenye sinia yakiwa makavu, unayatia kwenye friza, yakishakuwa magumu kama gololi unayafunga kwenye mfuko. Sukari hata punje haihitajiki. Lakini friza ilikuwa imejaa, na mwenyewe alikuwa mbiombio. Akampa chupa tatu za jemu.

"Chukua hizi, ni tunda lile lile. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni."

Vijiko! Utadhani amesomea.

Wiki tatu wifi alifuata dozi bila kukosa. Alhamisi wakamkuta chini bafuni, hajitambui.

Daktari Sufuria alipofika hospitali, wifi alikuwa amezinduka, dripu mkononi, midomo imemkauka. Nesi alisimama kando ya kitanda na faili.

"Sukari imepanda vibaya sana, mama. Ulikuwa unakula nini?"

Wifi akamtazama Daktari Sufuria, kisha akatazama dari. "Sijui, mwanangu. Labda chai, nilizidisha sukari."

Lo! Aibu ilimpanda Daktari Sufuria mpaka masikio yakawaka moto. Heri angemtukana. Mtu amelazwa kwa sababu yake, na bado anamsitiri! Alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza na mambo yakaishia hapo. Chupa arobaini zilikuwa zinasubiri wateja kwenye rafu. Lakini nesi alishaanza kuandika habari za chai, na wifi angerudi nyumbani kwenye chupa ya tatu.

"Si chai," akasema. "Ni jemu yangu. Nusu yake sukari. Na mimi ndiye niliyemwambia ni dawa."

"Wifi, nyamaza," mgonjwa akanong'ona. "Watu watakususa."

"Waache wanisuse."

Nesi alisimamisha kalamu, akamkodolea macho. "Kumbe wewe ndiye Daktari Sufuria?"

Akaitikia kwa kichwa, macho chini. Jina lililozoea kumvimbisha kichwa, leo hakutaka hata kulisikia.

"Baba yangu naye ana kisukari," nesi akasema polepole. "Jumamosi nilimpelekea chupa mbili."

Daktari Sufuria akachukua mkoba wake.

"Mpigie simu sasa hivi, asiguse," akasema. "Halafu nielekeze kwake, nikamwambie mwenyewe."