Faida Mpaka Kumi

Kanisa letu lilianza kunuka kabla halijaanza kusikika. Kila Jumapili asubuhi betri ya gari iliingizwa kwa mlango wa nyuma, ikawekwa juu ya gunia, na harufu yake ya asidi, ile inayokereketa koo, ikachanganyika na harufu ya tope lililokaukia ukutani tangu maji ya mafuriko ya Elinino yalipoondoka. Kijiji chetu kiko kando ya mto Tana, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Garsen, na umeme tulikuwa tukiusikia kwenye habari tu. Betri hiyo ndiyo iliyokuwa umeme wetu. Mimi niliketi karibu nayo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mpiga gitaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tumbo lilikuwa likiniuma tangu Jumamosi jioni, likaniuma wakati wa maombi, likaniuma wakati wa matangazo. Watu walidhani nina minyoo. Nilinyweshwa dawa ya minyoo mara mbili mwaka ule, wala sikuwa na mnyoo hata mmoja. Nilikuwa na woga.

Gitaa lile la umeme na amplifaya yake tuliachiwa na kwaya ya Mombasa iliyotutembelea mwaka mmoja kabla ya mafuriko. Kijana aliyekuwa akilipiga alipata kazi mbali akaondoka, na aliyebaki akijua kushika nyuzi nilikuwa mimi, niliyejifunzia gitaa la kopo la mafuta nyuma ya jiko la mama. Maji yalipokuja usiku na watu wakakimbia na magunia na kuku, Mwalimu Buya, katibu wa kwaya yetu, alionekana akivuka amplifaya ikiwa kichwani na suruali yake ikiwa shingoni. Alikuwa mtu mwema, na aliipenda mashine ile kama mtoto wa mwisho. Kasoro yake moja ilikuwa kamusi. Amplifaya ilikuwa na vifundo vinne vya kuzungusha, kila kimoja na namba kutoka sifuri hadi kumi, na chini yake neno la Kiingereza. Volume kila mtu alilijua kutoka kwenye redio. Bass tulilijua kwa sababu wanaume wetu waliimba besi. Treble Mwalimu alilitafuta kwenye kamusi, akakuta maana yake ni mara tatu. Kisha akatafuta gain, akakuta ni faida. Akafunga kamusi kwa furaha. Nani atakayekataa faida? Akakizungusha kifundo hicho mpaka kumi, na kwa miezi mingi hakuna aliyeruhusiwa kukirudisha.

Faida tuliyoipata ilikuwa ya kusikitisha. Nikigusa uzi mmoja tu, sauti ilitoka ikikwaruza kama sufuria inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na nikiacha kupiga, spika ilipiga mluzi yenyewe mpaka watoto wachanga wakalia. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile letu lilivuma hata tulipokuwa tumeinamisha vichwa kuomba. Waumini walivumilia, kwa kuwa waliona ndivyo vitu vya kisasa vinavyolia. Mimi ningevumilia pia kama si mama yangu.

Mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kwetu mwanzishaji si mtu mdogo: yeye ndiye anayesimama peke yake wakati kila mtu amenyamaza, akautoa wimbo kifuani na kuwapa wengine. Kabla ya mafuriko sauti yake ilikuwa juu na nyembamba, na nilikuwa nikiisikia kutoka kisimani. Tukakaa wiki nyingi kwenye kilima chini ya karatasi za plastiki, nguo mbichi, moshi wa kuni mbichi, naye akashikwa na kikohozi kisichokwisha. Tuliporudi nyumbani nyumba haikuwepo, wala ghala, wala mbuzi. Mama aliangalia mahali pale, akasema, "Basi, Jumapili tutaimba." Lakini sauti aliyorudi nayo haikuwa ile. Ilikuwa imeshuka chini, ina mikwaruzo, na ilikatika katikati ya ubeti bila kutoa taarifa. Ikikatika, gitaa langu lenye faida kumi lilipita juu yake kama gari la ng'ombe, na macho ya watu wote yalimgeukia.

Kisha Mwalimu Buya akaja kwetu jioni moja, akakaa, akanywa chai yote, akaongea habari za maboga. Baada ya mafuriko maboga yalikuwa makubwa ajabu kwa ajili ya matope mapya. Mwishowe akasema kwamba Jumapili ya mavuno wageni wangetoka Tarasaa, na wazee walikuwa wakifikiria. "Mama Habona, tusipokuona uko sawa siku hiyo, tutakupumzisha kidogo," alisema akiangalia kikombe. Mama akajibu, "Asante, Mwalimu," akamsindikiza hadi njiani. Usiku ule sikumsikia akikohoa, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilijua anakizuia kikohozi. Maji yalikuwa yamechukua kila kitu chake isipokuwa kule kusimama mbele na kuanzisha wimbo. Sasa wangemchukulia na hicho, na chombo cha kumchukulia kilikuwa mikononi mwangu.

Wiki tatu zilikuwa zimebaki. Nilitaka kutafuta sauti nyingine ya gitaa, lakini betri ilitosha ibada moja tu, halafu ilirudi Garsen kuchajiwa. Kwa hiyo nilikuwa nikiingia stoo ya kanisa baada ya shule, nikaketi mbele ya amplifaya iliyokufa, na kuzungusha vifundo kimya kimya nikijaribu kukisia kila kimoja kingelia vipi. Nilikisia mpaka jua likazama. Ni kama kuonja mchuzi kwa kuangalia sufuria. Jumapili ilipofika nilikuta makisio yangu yote ni ya uongo, na Mwalimu ameshairudisha faida mahali pake.

Kuuliza si ujinga, nikaamua kuuliza. Siku ya soko nilimwomba Mama tuende na gitaa na amplifaya Garsen pamoja na betri, nikadai inapiga mluzi na inahitaji fundi, jambo ambalo halikuwa uongo. Betri yetu ilichajiwa na Fundi Barisa, Muorma wa makamo, mtu wa jamii ya wafugaji, mwenye kibanda kando ya barabara ya Lamu, ambaye ndiye aliyekuwa akitengeneza vipaza sauti vya msikiti. Mama alikwenda sokoni, nikabaki. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya kamusi. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Aliweka kidole juu ya kile kifundo.

"Hii si faida, binti. Hii ni mlango ya boma. Wewe umefungua yote, ng'ombe zote zinaingia mara moja, zinapigana pembe. Fungua kidogo, ziingie moja moja."

Akaifunga faida mpaka mbili. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akachukua gitaa mwenyewe, yeye ambaye hakujua kushika hata uzi mmoja, akaniamuru nivuke barabara. "Wewe unakaa karibu sana, unasikia yako tu. Nenda kule mbuzi ziko, sikiliza kule." Nikasimama katikati ya mbuzi wa watu nikisikiliza Fundi Barisa akipapasa nyuzi wazi, na kwa mara ya kwanza nikalisikia gitaa letu kama wanavyolisikia walioketi nyuma. Lilikuwa na sauti nene, imejaa chini, kama mtu anayeongea amefunika mdomo kwa blanketi. Niliporudi aliniuliza ni nani anayeimba. Nikasema ni mama yangu. Akauliza sauti yake iko juu au iko chini.

"Ilikuwa juu. Sasa imeshuka."

"Basi wewe toka chini. Mama amehamia pale. Usikae kiti ya mama."

Tukapunguza besi mpaka tatu, tukapandisha treble hadi sita, volume tukaiacha nne. Adhuhuri ilipoadhiniwa alizima mashine, akaenda kusali, akarudi, tukaendelea. Nilivuka barabara ile mara nyingi kiasi kwamba mwenye mbuzi akaanza kunitilia shaka. Gitaa sasa lilikuwa jembamba na la wazi, na chini yake palibaki nafasi. Njia nzima ya kurudi, nikiwa nyuma ya baiskeli, nilirudia mbili, tatu, sita, nne, kama mtoto anayetumwa dukani. Mama akaniuliza ninahesabu nini. Nikasema hesabu za shule.

Jumapili ya mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Maboga, mahindi na mpunga vilirundikwa mbele, na wageni wa Tarasaa wakapewa mabenchi mazuri. Nilifika mapema, nikaweka vifundo vyangu, nikatoka kidogo kwa sababu ya lile tumbo. Niliporudi Mwalimu Buya alikuwa akiinuka kutoka kwenye amplifaya huku akinitabasamia. Nikajua. Faida ilikuwa kumi. Mama alikuwa tayari amesimama, amevuta pumzi, na mimi nikajitupa kwa magoti kama mtu aliyeangusha sindano. Nikairudisha mbili neno la kwanza likiwa linatoka.

Ubeti wa kwanza ulipita. Katika ubeti wa pili, kwenye mstari unaopanda, sauti ya Mama ilikatika. Haikukwaruza, ilikatika kabisa, na mdomo wake ukabaki wazi. Mkono wangu ulikwenda kwenye volume. Nilitaka kuongeza, nimfunike, wageni wasijue, kelele ijaze pale palipobaki patupu. Kila kitu mwilini mwangu kilisema ongeza. Lakini nilimwona Mama akiniangalia, na niliona hakuogopa kukatika. Aliniogopa mimi. Nikashusha. Nikashusha mpaka gitaa likawa kama mtu anayegonga meza kwa kidole. Kisha Mama akaurudia mstari ule ule, chini zaidi, kwa sauti yake mpya, nzito na yenye nyufa, na watu walilazimika kuinama mbele ili wamsikie. Wanaume wa besi walikuta wimbo umeletwa mlangoni kwao. Wakaingia. Wengine wakafuata.

Sitadanganya kwamba ulikuwa uimbaji mzuri. Ulichechemea hadi mwisho. Lakini wazee hawakumpumzisha, si mwaka ule wala miaka mingi baadaye, na Mwalimu Buya alinipa mkono akasema leo mashine imetulia, bila shaka betri ilichajiwa vizuri. Nikamjibu ndiyo, Mwalimu. Nyumbani Mama alinipakulia boga la nazi, akaniongezea kabla sijamaliza.

Siku hizi naishi Malindi na ninapiga gitaa harusini na kwenye hoteli. Nina amplifaya yangu, umeme uko ukutani, na vijana ninaowafundisha wana simu zenye sauti mia za gitaa ambazo wanazichagua kwa kidole wakiwa wanakula viazi. Wananiuliza niliipataje sauti yangu, hii nyembamba inayowaacha waimbaji wapumue, na huwa nawapa maelezo marefu ya kitaalamu. Mama ninaishi naye. Hakohoi tena, ila masikio yamemwacha kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Jioni huketi karibu nami nikifanya mazoezi, akitazama vidole vyangu, na baada ya muda husema, "Ongeza, mwanangu, sikusikii." Naongeza. Zamani niliogopa kumfunika. Sasa naogopa ile jioni ambayo nitaongeza mpaka mwisho, majirani wagonge ukuta, na yeye bado ananitazama vidole, akingoja nianze.