Siku Nilipomwita Hajji Mwizi

Jumamosi, 14 Mei 2016. Manyunyu tangu asubuhi, milima haionekani.

Nilisafiri kutoka Bwera mpaka Kasese nikiwa nimebeba kompyuta ya saluni. Mimi ni kinyozi tu, ugomvi siuwezi. Lakini gemu ya mpira niliyonunua kwa Hajji, mwenye duka la simu na kompyuta huko Kasese, ilikataa kufunguka. Kila nikiwasha intaneti inaandika kwamba namba yake ya siri imeshatumika. Nikaona Hajji ameniuzia kitu cha mtu mwingine, na mnunuzi ana haki yake, au sivyo?

Dukani mlijaa watu. Nikasema, "Hajji, wewe ni mwizi!"

Mteja mmoja akarudisha simu aliyokuwa akiichagua, akatoka. Hajji akaninyooshea mkono.

"Leta kompyuta, muzee. Hii gemu inakubali kompyuta moja tu. Jina ya mutu aliifungua wa kwanza iko ndani."

Akaunganisha intaneti, akabonyeza. Jina likatokea: Masereka, Bwera.

"Masereka ni nani?" akauliza mama mmoja.

Nikakosa pa kutazama. "Shemeji yangu. Nilimwazima kwanza, kabla sijaifungua mimi."

Kwetu, kitu kipya humnyimi kaka wa mke wako.

"Basi mwizi iko kwako!" mama akasema, duka zima likacheka.

Nilimwomba Hajji msamaha mbele yao. Bado sielewi kwa nini kitu nilichonunua hakiazimiki, lakini aliyepanga hivyo si Hajji.

Jioni tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki. Shemeji alikuja, akapewa kichwa cha samaki kwa heshima, akaisifu sana ile gemu.