Masikio ya Fundi Mitambo

Fundi mitambo wa kituo cha redio husikiliza akiwa amefumba macho, kidole gumba kikisugua kikuza sauti chake cha mfukoni, kidude cha kutia nguvu sauti ya visikizio, ambacho rangi imeshabanduka. Wenzake walimwazima kipya wakimtania, "Nunua kama hiki, mzee, masikio yamechakaa." Maneno hayo yalimchoma. Nyumbani akavaa visikizio masikioni, akafungulia kipindi cha redio, akampa mkewe mgongo, akamwomba awe anabadilisha vikuza sauti kimyakimya. Mara nne alitaja kipi ni kipi bila kukosea. Mara ya tano mkewe akachomoa waya, akaurudisha palepale.

"Haya, bwana mkubwa, sasa je?"

"Acha ujanja, mama watoto. Hicho ni kilekile."

Mkewe akaangua kicheko. Fundi akakifunga kipya katika boksi lake.

"Kesho nawarudishia chao. Kwenye hiki mtangazaji anasikika kama yumo ndani ya pipa."