Fundi Sponji Ang'oa Viti

Mjomba wangu ni fundi wa makochi, na mtaa mzima humwita Sponji. Akiingia ofisini au katika chumba cha daktari, hamsalimu mtu kabla hajakibonyeza kiti kwa kiganja. "Hiki kimejazwa matambara," husema kwa masikitiko, kisha hukikalia kwa huruma.

Gari lake ni la familia, la zamani, lenye buti refu. Huliendesha polepole mno, hata mbwa wa mtaa wamechoka kulifukuza. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na viti vitano. Sponji aliona buti linakaa bure, akashona humo benchi la watu watatu kwa kitambaa cha maua mekundu kilichobaki kwenye kochi la mwalimu mkuu. Hakuna mgeni aliyefika karakana yake akaondoka bila kulikalia benchi lile na kulisifu.

Jumamosi moja binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Tangu binti huyo akiwa mdogo, anachezea vipande vya sponji chini ya mashine ya kushonea, baba yake alimwahidi kwamba atampeleka harusini yeye mwenyewe, kwa gari lile lile. Tatizo ni kwamba bima ya gari ilikuwa inaisha Ijumaa, na gari lisilo na bima ya lazima haliruhusiwi hata kuigusa barabara. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye gari jeusi linalong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride.

"Shemeji, usihangaike," alisema shemeji. "Bibi harusi nitamchukua mimi. Langu lina kiyoyozi. Lako lina upepo."

"Na wewe una domo," Sponji alimjibu, akalitia gari moto.

Alikwenda kwa wakala wa bima, mwanamke wa makamo aitwaye Bi Stika, ambaye ofisi yake imepakana na kinyozi. Sponji aliingia akiwa na hoja yake tayari.

"Dada yangu, gari lenyewe unalijua. Limechoka. Milango miwili inafunguka kwa kubembelezwa. Bei iwe ya kizee."

"Fundi," alisema Bi Stika, "bima hii ya lazima haililipii gari lako. Inawalipa wale utakaowaumiza. Mtu akigongwa na gari bovu, unadhani anaumia nusu?"

Sponji alifikiri, akaona hapana.

"Lakini mimi naendesha taratibu. Konokono wananipigia honi."

"Na kioo cha kinyozi?"

Hapo Sponji aliinamisha kichwa. Mwaka uliopita, alipotoka kulipia bima, gundi ya stika haijakauka, alirudi nyuma akaingia katika kioo kikubwa cha jirani. Kampuni ilimlipa kinyozi, na kampuni haisahau. Aliyewahi kusababisha madai hupandishiwa bei kidogo.

"Kinyozi yule alikuwa anakitamani kioo kipya siku nyingi," alinung'unika.

Bi Stika alitoka nje kuliona gari. Aliinama, akahesabu viti, akafika kwenye maua mekundu, akahesabu tena.

"Fundi, hili limekuwa gari la abiria wanane."

"Kaa kwanza uone linavyobonyea!"

"Nikikaa nitakuwa abiria. Kadiri viti vinavyozidi ndivyo watu wa kuumia wanavyozidi, na bei inakwenda nao."

Alipotajiwa bei hiyo, Sponji aliona hataimudu, akarudi karakana kwake.

Mtu mwingine angelitoa benchi tu. Mjomba wangu hajui kufanya kazi nusu. Jioni ile alichukua spana, akang'oa kiti kimoja baada ya kingine, akikipa kila kimoja pole. Mkewe alipotoka na kanga begani, gari lilibaki na kiti cha dereva peke yake, kama kanisa baada ya ibada.

"Baba Bibi Harusi, mimi nitakaa wapi?"

"Kwa kaka yako. Kuna kiyoyozi."

Kesho yake, ambayo ndiyo Ijumaa yenyewe, alimrudia Bi Stika akitembea kwa madaha. Mama yule alichungulia dirishani mwa gari.

"Fundi! Wameiba?"

"Nimepunguza abiria. Sasa nipe bei ya mtu mmoja."

"Gari lisilo na viti vya abiria ni gari la mizigo."

"Mizigo gani? Si unaona liko tupu?"

"Ndiyo maana. Linangoja kujazwa. Na gari la biashara bei yake ni nyingine, kwa sababu linazunguka kutwa nzima na limelemewa."

Sponji alijikuna kisogo, akashusha sauti. "Je, nikirudisha vile vitano vya kiwandani, nikasema ni gari langu la matembezi tu?"

"Ningekubali, Fundi, kama nisingekuwa nimekalia kiti ulichoniletea kwa gari hilo hilo."

Alikibonyeza kile kiti chini yake. Kilitoa sauti nzuri.

"Siku utakapomgonga mtu huku una kochi la mteja," aliendelea, kwa upole sasa, "kampuni itauliza haya ni matembezi gani yanayokwenda na kochi. Hapo utabebeshwa matibabu ya mtu, na mashine yako ya kushonea itakwenda mnadani."

Sponji alitazama nje. Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya kioo chake kipya, mikono ameitanua, macho yapo kwenye gari. Kwa mara ya kwanza mjomba aliwaza kwamba pale pale palipokuwa na kioo pangeweza kuwa na kinyozi.

"Andika mizigo," alisema. Kisha akakumbuka Jumamosi. "Mbele anaruhusiwa kukaa nani?"

"Dereva na utingo mmoja wa kupakia na kushusha."

"Utingo lazima awe mwanamume?"

"Haijasemwa."

"Anaweza kuvaa shela?"

Bi Stika aliweka kalamu chini.

"Gari litakuwa na mzigo?"

"Litakuwa nao."

"Na utingo atashusha?"

"Atashusha."

Basi Jumamosi gari jeusi lilitangulia, limembeba mama wa bibi harusi na mashangazi wote. Nyuma yake lilifuata la Sponji, stika mpya kiooni, kiti cha mbele kimerudishwa na kuvalishwa kitambaa cheupe. Bibi harusi alikaa kando ya baba yake, na nyuma yao kochi la zawadi, kazi ya mikono ya Sponji, likijaza buti lote. Kwenye ukumbi, Sponji akirudisha gari nyuma, binti alitoa kichwa dirishani, shela linapepea, akaita, "Rudi, Baba! Rudi! Simama, kinyozi yuko nyuma!" Kinyozi, aliyekuwa mwalikwa, aliruka pembeni na suti yake.

Kisha bibi harusi akaenda nyuma ya gari, na mbele ya wageni wote akaingia ukumbini na maua mkono mmoja, mto wa kochi kwapani. Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Bi Stika, aliyekuwa amekaa safu ya pili, alitikisa kichwa kukubali. Mzigo ulikuwa umeshushwa.