Soja wa Chuma ni superhero, na mimi nilichelewa miezi minane kulielewa hilo

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Kitale, ambako mvua imetufungia ndani tangu mchana. Wiki nzima nimewasoma mkibishana kama ile muvi ya zamani ya mwanajeshi wa chuma ni ya superhero au ni ya bunduki tu. Nilijizuia. Leo nimeshindwa, na nitawaeleza yaliyonipata vile yalivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Jina la muvi siliandiki. Sisi Matisi tuliiita Soja wa Chuma, na inatosha.

Wale mnaosema "hapai, hana mabawa, superhero gani huyo" tulieni kwanza. Nguvu si hoja. Hata trekta ina nguvu.

Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video pale Matisi, Jumapili mchana, nikiwa nimetoroka kazi ya kumuuzia mama kabichi. Sisi ni Wakikuyu wa Trans-Nzoia, babu alifuata shamba huku zamani. Hilo mliweke akilini, lina kazi yake.

DJ wa muvi alikuwa kijana wa Bungoma anayeitwa Barasa. Kwa vijana ambao hawakuikuta kazi hiyo: muvi inaongea Kizungu, DJ anashika maiki na kuwasemea wote kwa Kiswahili. Jambazi, mwanamke, mbwa, hata mlango ukilia.

CD yake ilikuwa na mikwaruzo. Dakika kumi za mwanzo hazikuwahi kuonekana. Muvi ilianzia pale soja tayari ni chuma tupu, uso umefunikwa, na hakuna mtu Matisi aliyejua amefikaje hapo.

Kwa hivyo Barasa alitunga mwanzo wake mwenyewe kila Jumapili. Leo soja alichomwa na adui, wiki ijayo alipigwa na radi Mlima Elgon. Tuliziamini zote.

Basi kuna mahali soja anasimama nje ya nyumba yake ya zamani. Mke yuko uani anaanika nguo. Anamtazama na hamjui. Barasa akavuta pumzi kwenye maiki, akasema kwa sauti ya soja: "Mama, mimi nimetoka mbari."

Watu wa Bungoma wanajijua. L na R kwao ni mapacha, ukiita mmoja anaitika mwingine. Alimaanisha ametoka mbali.

Lakini kwetu mbari ni ukoo. Ni watu wako. Mimi nilisikia soja akisema ametoka kwa watu wake na amebaki peke yake duniani. Nikalia mpaka kibanda kizima kikanigeukia.

Muvi ilipoisha Barasa akanifuata nje. "Si ni muvi tu, bana. Unaria nini?"

Nikamweleza nilichosikia. Akacheka mpaka akakaa chini. Mwaka uliofuata tulioana, msiniulize mengine.

Neno hilo likahamia kwetu. Ugali ukiiva, Barasa alisimama mlangoni kama yuko kwenye maiki: "Mbari ikuje ikule!" Mbari ilikuwa ni mimi peke yangu, baadaye mimi na Nekesa, binti yetu.

Halafu vibanda vya video vikafa. Kila mtu akawa na muvi kwenye simu yake, nani atalipa kumsikia Barasa? Akapata kazi ya ulinzi Uarabuni. Soja wa kweli sasa. Nekesa alikuwa na miaka miwili.

Alikaa miaka mitano.

Hamu niliyokuwa nayo siwezi kuiandika vizuri. Kuna shati lake la bluu ambalo nililifua likiwa safi, nikalianika, nikalikunja, na baada ya wiki mbili nikalifua tena. Jirani yangu aliniona na hakusema kitu, Mungu ambariki.

Tukiongea kwa simu alisema, "Niko mbari sana, bana." Na sasa lilikuwa umbali tu. Ile maana yetu ya mlangoni ilipotea polepole, hata sikuona ikiondoka.

Mwaka wa tano aliniambia ameumia mguu kidogo. Simu zikapungua. Kisha siku moja ukaingia ujumbe: "Nimefika salama. Niko kwa mayi. Mimi nataka kukaa mbari."

Mayi ni mamake, huko Bungoma. Na Barasa huandika anavyoongea, "kuludi", "kurara", zote hizo. Kwa hivyo nilisoma kile ambacho mke yeyote angesoma. Mume wangu ametua Kenya baada ya miaka mitano, amenipita, ameenda kwa mamake, na anataka kukaa mbali na mimi.

Sikujibu.

Nilijiambia ana mwanamke. Ndugu yake akapiga mara mbili, "Mulamwa," yaani shemeji, "hebu nisikize," nikamkatia. Kitale na Bungoma ni safari fupi, unapita Webuye na umefika. Miezi minane hakuna aliyeivuka, yeye wala mimi. Nekesa akiuliza nilimwambia baba bado yuko kazini.

Sasa nifike kwenye hoja yenu.

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kibomet aliweka Soja wa Chuma kwenye televisheni yake. Nakala safi. Nilitaka kuondoka lakini chai ilikuwa imeshamiminwa. Kwa mara ya kwanza maishani nikaona zile dakika kumi za mwanzo.

Hakuna radi wala adui wa maana. Ni ajali. Wanamtengeneza upya, anaamka, na daktari anampa simu: mpigie mkeo. Hakuna anayemkataza. Anapiga. Mke anapokea, anauliza ni nani. Soja anafungua mdomo, anasikia sauti yake mwenyewe ilivyogeuka ya chuma, na anairudisha simu mezani taratibu.

Muvi yote inayofuata, magari yanayopinduliwa, majengo yanayoanguka, ni mtu anayefanya kila kitu kingine ili asirudi kwenye ile simu. Wakuu, huyo ndiye superhero. Anaweza yote isipokuwa kubisha hodi kwake. Ule uso uliofunikwa si wa kuwatisha maadui. Ni wa kumficha asionwe na mtu mmoja anayeanika nguo.

Nikakumbuka: "Nimeumia mguu kidogo."

Chai sikuimaliza. Asubuhi yake nilikuwa Bungoma.

Mama mkwe alinipokea langoni. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. "Umecherewa, mama, rakini karibu. Yuko nyuma."

Barasa alikuwa ameketi kivulini mwa ghala anapukuchua mahindi, blanketi miguuni. Bungoma, saa sita, jua hilo mnalijua, nani anajifunika blanketi? Nikaenda nikalivuta.

Mguu wa kulia ulikuwa wa bandia kuanzia chini ya goti. Umevishwa soksi na kiatu vizuri kabisa, kiatu kimepigwa rangi.

"Ni hii tu?" nikamwuliza.

"Ni hii."

"Na mwanamke?"

"Mwanamke gani? Wewe nawe!"

Hapo hasira ya miezi minane ikatoka yote. Nikamwambia, usinichezee, mwenyewe uliandika unataka kukaa mbali.

Akanitazama kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Mimi sikusema mbari," akasema. "Nirisema mbari."

Kuku wanakula mahindi yake na hakuna anayewafukuza.

"Mbari ya kwenu," akasema polepole. "Ya ugari. Nirikuwa naomba kuludi nyumbani, na sikujua nikuombe aje na hii kitu. Nikaona nitumie neno retu, utajua. Ukanyamaza. Nikasema basi, amesikia mambo ya mguu, amekataa."

Kumbe huo ulikuwa ndio uungwana wake wote, ameuweka kwenye neno moja, na mimi nililisoma kama mgeni. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunipa maana ya maneno ya watu wengine, neno lake mwenyewe nikashindwa kulitafsiri. Nililia kuliko nilivyolia kibandani. Naye akalia, halafu tukaanza kucheka, mama mkwe akaja mbio akidhani tunapigana.

Jumamosi iliyofuata alikuja Kitale. Tunakaa ghorofa ya pili, alipanda ngazi moja moja, jasho linamtoka, hataki kushikwa. Nekesa akafungua mlango.

"Unatafuta nani?" akamwuliza.

Barasa huyo aliyesemea majeshi mazima kwenye maiki alikosa la kusema. Mwishowe akasema, "Wewe." Nekesa akafikiria, kisha akamwambia avue viatu, mama amepiga deki.

Sasa anakuja kila Jumamosi, Jumatatu anarudi kwa mazoezi ya mguu, hadi aziweze zile ngazi bila kupumzika katikati. Tunamngoja. Ninavyomngoja siku hizi tano ni vibaya kuliko ile miaka mitano, kwa sababu sasa najua alipo.

Nilichojifunza ni hiki: ujumbe ukikuumiza, mpigie mwenyewe umuulize alimaanisha nini. Kiburi kinasoma haraka sana. Miezi ile minane sitarudishiwa. Nekesa aling'oka meno mawili ya mbele, tukayatupa juu ya mabati ya jirani mimi na yeye tu, na babake alikuwa safari fupi tu kutoka hapa akipukuchua mahindi.

Wa "ni muvi ya bunduki tu", njooni tubishane, nafasi ni yenu. Na kama kuna mwenye mtu aliyerudi ila hajafika, aandike pia, nitawasoma wote.

Nitajibu baadaye. Nekesa ananiita, jino la tatu linatikisika na amelishikilia kwa ulimi, hataki litoke, kwa sababu leo ni Alhamisi.