London ni Kulala Mara Moja

Harufu ya majani ya chai yakikaushwa kiwandani ilikuwa tamu, ukiwa na njaa ungedhani kuna mtu anaoka kitu, na ndiyo maana niliichukia. Ilitufikia kila asubuhi katika kambi ya vibarua wa chai, huko Kericho, katikati ya watu ambao miaka ile ya hamsini hawakutaka hata kutuona sisi wageni. Mama alikuwa yaya kwa meneja Mzungu. Alikuwa amembeba mtoto wao, Joni, mgongoni tangu akiwa mwekundu kama panya mchanga, na mtoto huyo hakupata usingizi mahali pengine. Kisha memsabu, mama yake Joni, akamchukua, wakapanda ndege kwenda London. Mpishi wao alituambia ni zaidi ya maili elfu nne, lakini ukiondoka Nairobi leo, unalala njiani mara moja, kesho yake umefika.

Sasa, kwetu sisi tuliotoka Kisii, safari ilipimwa kwa kulala. Maili zilikuwa za Wazungu. Nyumbani kulikuwa kulala mara mbili kwa miguu, basi Mama akapiga hesabu yake akaridhika: London ni karibu kuliko Kisii, na mtu aliyekwenda karibu hakawii kurudi. Nami, mtoto wa kuota ndoto mchana, nikazunguka kambi nzima nikitangaza habari hiyo kwa furaha. Watoto wenzangu wakanirushia matope. "London iko karibu? Basi kachote maji huko!"

Lakini nyumba ya kambi ilikuwa ya mtu mwenye kazi, na Mama alikataa kabisa kubeba kikapu cha kuchuma majani. Nani angempokea Joni akirudi? Majirani waliobanana chumba kimoja familia mbili walitutazama kama wezi. "Yaya wa hewa," walimwita, wakitema mate tukipita. Mwishowe nyapara wetu, arap Koech, akaja na kufuli mkononi.

"Mama Kemunto, chukua kikapu ama utoke."

"Wanakuja, nyapara. Ni kulala mara moja tu."

"Miezi minne sasa! Huyo mtoto amesahau hata harufu yako."

Mama angeweza kustahimili fimbo. Neno hilo hakulistahimili. Aliikunja shuka ya kumbebea Joni, akajitwika sufuria, na kabla hatujafika barabarani watu walikuwa wakigombania mlango wetu.

Usiku huo tulilala kibarazani pa duka huko Kapsoit, mvua ikitupiga, na alfajiri mwenye duka akatufukuza kwa ndoo ya maji machafu. Usiku wa pili tukalala Sondu, miguu imevimba. Hapo Mama akaanza kucheka peke yake. "Kemunto, saa hizi wao wangeshafika na kurudi." Kisha akajifunika ile shuka uso, nami nikaiona inavyotikisika.

Siku hizi ndege haina haja ya kulala popote. Unapanda Nairobi usiku, kukicha uko London. Kericho hadi Kisii nako ni asubuhi moja kwa basi. Njia zote zimefupika. Mama amezeeka, goti linamsumbua, lakini ndege ikipita juu ya shamba anaweka jembe chini na kuitazama mpaka ipotee. Joni hajafika.